Niliezua Paa la Mama kwa Mikono Yangu

Admin, tafadhali nifichie jina. Kijijini kwetu wananijua hata kwa kikohozi, kwa hiyo huenda wakanitambua tu, lakini nimechoka kubeba jambo hili peke yangu. Assalaam aleikum nyote mnaosoma.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili, na kazi yangu ni kufua mashuka katika hoteli moja Diani. Kwetu ni upande wa Msambweni, kijiji sikitaji. Mama yangu ni mjane wa miaka sitini na nane, ana sukari, na mdomo wake hauna breki. Nyumba yake ni ya udongo na makuti, na hati ya kiwanja aliachiwa na marehemu baba.

Mwaka jana serikali ilisema inataka eneo letu kwa mradi. Wakapita wakichora alama nyekundu kwenye kuta, wakatoa amri: hakuna kujenga, hakuna kukarabati, hakuna kuezeka mpaka tuhame. Mnaokaa bara huenda msielewe ubaya wa amri hiyo. Kuti halidumu. Likichakaa usilibadilishe, mvua inaingia, na ukuta wa udongo ukilowa unaporomoka wenyewe. Yaani hawakuhitaji tingatinga, walihitaji kungoja tu.

Basi wanakijiji wakakubaliana kuivunja amri, tena waziwazi. Kila Alhamisi wangeezeka nyumba moja mchana kweupe, bila jiwe wala tusi, na atakayekamatwa akubali kwenda. Mama ni fundi wa kushona makuti, akawakusanya wanawake kwake wakashona wiki nzima. Nyumba mbili zikaezekwa, polisi hawakuja. Ya tatu ilikuwa ya mama, nao wakaja gari zima.

Nilikuwepo. Afisa mmoja kijana wa bara alimwambia, "Mathe, usifanye nikushike bure. Ambia hawa watu washuke, tumalizie hapo."

Mama akajifunga leso vizuri. "Hunishiki bure, mwanangu. Nimeambiwa kuezeka ni makosa, na mimi nimeezeka. Gari ni hilo?" Akapanda mwenyewe. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Leo najichukia kwa kicheko kile.

Walikamatwa tisa. Kortini wakaambiwa watie sahihi kwamba hawatarudia, watoke. Wote wakakataa, wakapelekwa rumande. Wiki ya tatu nilipomtembelea mama, miguu ilikuwa imevimba hadi viatu havimwingii. Nikamsihi atie sahihi. Akaniambia, "Nikitia sahihi nitakuwa nimesema nyumba si yangu. Usiniletee tena maneno hayo."

Hapo ndipo afisa mmoja wa mradi akanipigia simu. Mpole, ananiita dada. "Toeni yale makuti mapya tu, hali irudi ilivyokuwa, nami nitaomba mama aachiliwe kwa sababu ya umri na ugonjwa. Hakuna wa kutia sahihi popote." Nikaona nimepata pa kutokea. Mama hataki kutia sahihi, na hapa sahihi haitakiwi. Makuti yatashonwa mengine. Jamani, nilijiona mjanja kweli.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda juu na panga, nikaanza kukata kamba. Jirani yetu, nimwite Mwanasha, ambaye mumewe ni mmoja wa wale tisa, akaja akasimama uani.

"Wafanya nini huko juu?"

"Namtoa mama, Mwanasha. Ni mgonjwa."

"Na wangu atatolewa na nani?" Hakupiga kelele. Aliokota makuti aliyoyashona yeye, maana anaujua mkono wake, akajitwika akaenda zake. Tangu siku ile haitikii salamu yangu, na wengine vivyo hivyo.

Kesho yake afisa akaja na mtu wa kupiga picha. Nikadhani wanahakikisha tu. Baadaye wakili anayewatetea wenzetu ndiye aliyenionyesha: wameandika kwamba nyumba haina paa, haikaliwi na mtu, na wenyewe wameibomoa kwa hiari yao. Karatasi hiyo iko kortini sasa, inatumiwa kusema kwamba wanakijiji wameshaanza kuhama na wale wanane waliobaki ni wakorofi tu. Niliisoma mara mbili.

Kisha mvua zikaanza. Ukuta wa jikoni umeanguka, na wa chumbani umetoka tumbo. Kuezeka tena siwezi, nikiezeka mama hataachiliwa. Na hata nikithubutu, hakuna mwanamke pale atakayenishonea hata kuti moja.

Jumapili nilikwenda kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mvua naisikia humu. Paa langu limevuja?"

"Halijavuja, mama."

Akawageukia wanawake wenzake akawaambia kwa sauti, "Si niliwaambia? Makuti ya mkono wangu hayo!"

Ahadi ya yule afisa imetimia. Mama anaachiliwa Jumatano, peke yake, na hajui chochote. Nikimwambia akiwa bado ndani, namjua, atakataa kutoka, na kwa miguu ile hatamaliza mwezi. Nikinyamaza, nitampakia garini akiwa na furaha zake, ashuke mbele ya kuta zisizo na paa, na Mwanasha amesimama anamtazama. Mume wangu asema nimlete moja kwa moja tunakoishi Ukunda, nimdanganye leo na kesho. Lakini neno la kwanza atakaloniambia akivuka geti ni nimpeleke kwake.

Nitukaneni mkipenda, ndugu zangu, ila nishaurini kwanza, zimebaki siku mbili. Nimwambie akiwa ndani, au nimwache akaone mwenyewe?