Bunduki ya Upepo Niliyoichagua Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo mbili, fagio na bunduki. Funguo na fagio nilivielewa. Bunduki ilikuwa imeviringishwa kwenye gunia la maharage, na Mkuu wa Ghala alinipa kwa mikono miwili kama anayempokeza mwenzake mtoto aliyelala.

"Hii haina baruti, iko ya upepo tu," aliniambia. "Lakini attention, bwana. Usitembee nayo njiani ikionekana. Hapa watu walishachoka na bunduki, hawatakuuliza kama iko ya upepo ao ya kweli."

Ghala hilo lilikuwa Gitega, upande wa Mushasha, nalo lilihifadhi mbegu za maharage na mahindi za wakulima wa Gishubi, Ryansoro na kwingineko. Sumu ya panya ilikatazwa kabisa, kwa sababu mwaka wa njaa mtu hupika hata mbegu. Mitego tulikuwa nayo, ila njiwa, mla mbegu mwingine, haingii mtegoni. Ndiyo maana akatafutwa mtu wa kulenga. Mimi nilikulia Ulyankulu, Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, na huko ujanani mkulima mmoja aliniachia bunduki yake ya upepo nimlindie ghala la karanga. Niliporudi Burundi sikuwa na cheti chochote cha kuonyesha, ila mkono ulikuwa haujasahau.

Nyinyi vijana mnaoniuliza siku hizi bunduki ipi ni nzuri, sikilizeni kwanza jinsi zinavyofanya kazi. Ile ya kwanza ilikuwa ya springi. Unaukunja mtutu kwenda chini, springi inakazika ndani, unatia kijirisasi kimoja, unafunga. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma risasi. Ubaya wake ni kwamba bunduki yote huruka nyuma na mbele kabla risasi haijatoka, kwa hiyo ukiikaba kama mpini wa jembe utakosa. Huegeshwa kiganjani tu, ikaachwa iruke inavyotaka. Ilinichukua miezi kuizoea, na matusi niliyoitukana siwezi kuyaandika hapa.

Halafu kuna kipenyo. Milimita nne na nusu ndicho kipenyo cha wanaoshindana kupiga karatasi kwa mita kumi. Risasi yake ni nyepesi na hunyooka vizuri, lakini panya mkubwa usipompata kichwani atakwenda kufia katikati ya magunia, na ghala zima litajua. Milimita tano na nusu huenda polepole zaidi, ila hufika na uzito. Kuhusu nguvu, kila kijana anataka yenye nguvu, na huo ni ujinga mtupu. Juu ya njiwa kuna bati. Ukikosa kwa bunduki kali umetoboa paa, na mvua za Gitega mnazijua. Ya ghalani huchaguliwa kwa ulengaji, si kwa ukali.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, nilipiga ubao. Ulikuwa ubao mnene wenye karatasi ya duara, uliowekwa mita kumi na tano kutoka mlangoni, ili nijue kama shabaha imehama. Mkuu wa Ghala hakukubali iwe vinginevyo.

"Risasi ya kwanza iko ya ubao," alisema. "Ukikosa ubao, leo we fagia tu."

Nilifagia siku nyingi. Lakini kilichoniumiza Gitega si fagio. Wapakuzi walikula pamoja adhuhuri, wakicheka, nami nilikula peke yangu kwenye ngazi. Kanisani, benchi nililokaa lilibaki na nafasi hata siku ya sikukuu. Hakuna aliyenitendea baya. Waliniita Mwenye Bunduki, na mtu aliyepita miaka ile ya vita akisikia jina kama hilo, hata kwa utani, husogea kidogo. Mke wangu tulimzika Ulyankulu kabla sijarudi, na mwanangu mmoja alibaki kule. Jioni nilikuwa nikiifuta bunduki kwa mafuta muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Muyinga, kwenye ghala dogo lililopakana na mtaa wa Waswahili. Nilipewa chumba ndani ya uzio. Asubuhi ya kwanza nikapiga ubao kama kawaida. Springi chini ya mabati hulia kama mlango wa chuma uliobamizwa. Kabla mlio haujaisha, nikasikia sauti ya mwanaume ng'ambo ya ukuta.

"We jirani! Umepata?"

"Nimepata ubao!" nikajibu.

"Ubao unaliwa na nini?"

Huyo alikuwa Yusufu, fundi cherehani aliyeshona sare za shule, na nyuma ya nyumba yake alifuga njiwa katika masanduku ya mbao. Tangu siku hiyo kila asubuhi niliulizwa kama nimepata, na kila asubuhi nilijibu. Jioni nilizunguka mpaka barazani kwake tukanywa kahawa yenye tangawizi, akaniambia habari za mtaa mzima, za kweli na za kuongeza. Sijui kama mnaelewa maana ya kuulizwa umepata, kwa mtu aliyekaa miaka bila kuulizwa lolote. Nilikuwa naamka mapema ili niulizwe.

Shida ilikuwa njiwa wake. Waliingia ghalani kupitia nafasi ya chini ya paa, wakala mbegu pamoja na njiwa wa mwituni. Tukapatana. Akisikia mlio wa ubao, atapiga debe lenye mtama, njiwa wake watarudi nyumbani, kisha mimi niwafyatulie watakaobaki. Akawafunga pia uzi miguuni, mwekundu au wa buluu, kutoka kwenye vibiringo vyake vya kushonea. Bunduki yangu haikuwa na darubini, kwa hiyo uzi siwezi kusema niliuona. Lakini debe lilitosha. Miaka yote ile sikuua njiwa wake hata mmoja.

Kisha Direkta wa maghala yetu akaniita Gitega. Mezani kwake kulikuwa na bunduki mbili mpya za upepo, za gharama, zilizotoka Ulaya pamoja na vibali vyake.

"Moja itabaki hapa, moja utaenda nayo," alisema. "Bon, mi si mpigaji. Chagua."

Nilikuwa na umri wa kuwa babu, na sikumbuki kabla ya siku hiyo mkubwa yeyote kuniambia chagua. Nikaomba siku tatu za kuzijaribu.

Ya kwanza ilikuwa ya springi pia, lakini si kama kikuukuu changu. Mtutu wake haukunjwi, unavuta wenzo ulio chini yake, kwa hiyo shabaha haihami. Kitako chake kilikuwa cha mti wa jozi, kizito, kilichokaa begani vizuri. Haihitaji chochote ila mkono wako. Ya pili ilikuwa na chupa ya hewa iliyobanwa, ambayo unaijaza kwa pampu ndefu ya kusimama huku ukitazama kipimo kidogo cha mshale. Pampu hiyo ilinitoa jasho na heshima. Lakini ukishajaza, bunduki hairuki hata kidogo. Ina kidhibiti kinachoipa kila risasi hewa ileile, ina magazini ya kubeba risasi kumi, ina darubini, na mbele ya mtutu ina kizuia sauti. Kwa mita ishirini nilitia risasi tano katika tundu moja. Ilisikika kama mtu anayetema kokwa.

Ile ya springi kwa mita hizohizo ilinipa tundu tano zilizokaribiana, na mlio wake ulisikika mpaka barabarani. Siku ya tatu nikamwambia Direkta nachukua ya chupa. Kama ningekuwa nalenga karatasi tu, sababu zangu zote zingekuwa sahihi. Yusufu nilimkumbuka nikiwa njiani kurudi, nikajiambia tutapatana.

Nilimwonyesha siku hiyohiyo. Nilikuwa na fahari, sifichi. Nikamkalisha nyuma ya magunia, nikamwambia aweke jicho kwenye darubini, bila risasi ndani, akatazama njiwa waliotua juu kwenye kenchi.

"Wallahi, jirani! Mi naona mpaka uzi mguuni!" Akacheka, kisha akanigeukia. "Na sauti yake?"

Nikapiga ubao. Akangoja.

"Umeshapiga?"

"Nimeshapiga."

"Sasa mi ntajuaje kama we uko kazini?"

"Nitagonga ukuta mara tatu."

"Sawa. Gonga."

Nikagonga, miezi kadhaa. Yeye akapiga debe lake. Ila hakuniuliza tena kama nimepata, maana hakukuwa na cha kusikia. Niliona tofauti, nikaendelea kugonga.

Siku moja Direkta akapiga simu asubuhi. Wageni wanaotoa mbegu wangefika Muyinga mchana ule, na hakutaka kuona ndege hata mmoja ndani. Nilikwenda ukutani, nikainua mkono kugonga. Nikaushusha. Nikigonga, debe litapigwa, njiwa wa Yusufu watakwenda kula, na saa sita watakuwa wamerudi juu ya vichwa vya wageni. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuisema bila aibu. Nyingine ni kwamba bunduki ile ilikuwa tamu mno mkononi, na nilitaka siku moja ya kuitumia bila kumngoja mtu.

Wa kwanza alikuwa wa mwituni. Wa pili nilimweka katikati ya darubini nikaona uzi mwekundu mguuni, wazi kabisa, hata fundo lake. Nikavuta. Wenzake hawakuruka, kwa sababu hawakusikia kitu. Wakabaki wamekaa palepale wakinisubiri. Niliua tisa, watano wenye uzi. Nikawafukia shimoni mwa taka nyuma ya choo, nikafagia manyoya. Wageni walifika, wakasifu usafi, na Direkta akanipiga bega.

Alasiri Yusufu akaja getini na utepe wake wa kupimia shingoni.

"Jirani, njiwa yangu tano haikurudi."

"Leo nilipiga njiwa," nikasema. "Sikujua kama wako wamo."

"We hukuona uzi?"

"Sikuona."

Alinitazama. Jicho lake mwenyewe lilikuwa limepita kwenye darubini ile, na sote wawili tulilijua hilo tukiwa tumesimama pale. Ningeweza kusema wakati huo. Mdomo ulikuwa wangu, na geti lilikuwa wazi.

"Sawa, mzee," akasema, akaondoka.

Hakuwahi kuniita mzee kabla ya hapo, na baada ya hapo hakuniita jirani tena. Hakunisema kwa watu, hakwenda kwa Direkta. Wiki ile ile aliyabomoa masanduku, njiwa waliobaki akawagawa kwa ndugu. Tukikutana alinisalimu kikamilifu, habari za kazi, habari za afya, mpaka salamu zote zikaisha, kisha akapita. Barazani kwake sikukaribishwa wala sikufukuzwa. Mimi ndiye niliyeacha kwenda. Asubuhi nyingine niligonga ukuta mara tatu hivihivi, ingawa hakukuwa na njiwa wa kuitwa. Nilisikia cherehani ikisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Tuliishi hivyo miaka mitatu, ukuta mmoja kati yetu. Kazi yangu ilikuwa bora kuliko wakati wowote. Niliandikiwa barua mbili za pongezi. Kuna siku niliwasemesha panya ili nisikie sauti ya mtu.

Siku ya kustaafu nilikabidhi bunduki, pampu na funguo. Mzigo wangu ulikuwa mdogo, ukaingia wote kwenye teksi, probox ya kwenda Gitega iliyokuwa ikisubiri barabarani. Nikamwomba dereva dakika chache, nikazunguka mpaka kwa Yusufu. Alikuwa anashona shati la mwanafunzi.

"Nimekuja kuaga," nikasema. Kisha nikasema, "Uzi niliuona. Wote watano niliwaona."

Akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Mi najua," akasema. "Nilikuwa nangoja we mwenyewe uniambie."

"Miaka mitatu?"

"Nilikuwa hapa hapa. Nitaenda wapi?" Akasogeza stuli kwa mguu. "Kaa, jirani. Nitawasha kahawa."

Dereva akapiga honi. Nikamwambia Yusufu gari linaningoja, mzigo uko ndani. Akasema kaa kidogo tu. Honi ikalia tena. Nikampa mkono, nikaenda.

Sasa niko Gishubi, kwenye kipande cha ardhi cha baba yangu. Vijana wa maghala huja na simu zao kunionyesha picha za bunduki: ipi ya kulenga karatasi, ipi ya panya, springi au chupa, nne na nusu au tano na nusu. Nawaeleza yote, kwa sababu nayajua na napenda kuulizwa. Nawaambia kama mtu anaishi karibu, wachukue yenye kelele, na wao huandika wakidhani nazungumzia usalama. Wakiondoka nabaki na vikombe vya kuosha. Namba ya simu ya Yusufu sikuwahi kuichukua. Kwa nini ningeichukua, na sauti yake ilikuwa ukutani?

Nimeifikiria ile stuli kuliko risasi zote nilizopiga. Haraka yangu ilikuwa ya nini, mtu asiye na anayemngoja? Siku ile kulikuwa na magari mengine mawili ya kwenda Gitega.