Swali Nililosahau Kumuuliza Mzee Ambakisye

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja wa Tawi hakunipa kalamu wala kiti. Alinipa mwavuli. Mvua ilikuwa inanyesha, kama inavyonyesha Tukuyu karibu mwaka mzima, na ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya ofisi, umetanda juu ya benchi la wateja. Mimi nimesimama katikati ya chumba, cheti changu cha sekondari nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki, nangoja kuonyeshwa meza.

"Meza utaiona jioni, binti," alisema. "Nje kuna pikapu ya kijani. Nenda ukae ndani yake, kisha uje uniambie inafanya kazi gani."

Nilidhani ananitania. Nikaenda, nikakaa. Mvua inapiga paa la bati lile, vioo vimejaa ukungu, na mimi tangu utotoni ni mtu wa kuota ndoto macho wazi, basi nikasahau kabisa kwamba nimetumwa. Nilipozinduka, nikainua kapeti la miguuni. Chini yake kulikuwa na majani ya chai yaliyokauka, na upande wa abiria kiatu kimoja cha mtoto. Nikarudi nikasema gari linabeba chai na linapeleka mtoto shule. Meneja akanionyesha karatasi ya mwenye gari. Ameandika kwamba ni gari la kwendea kanisani.

Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa: afisa wa bima huanza kwa kukaa ndani ya gari, ndipo anajaza fomu ya maombi. Ninyi mnaokata bima kwenye simu huku mnakunywa soda mtanicheka, na mnicheke tu. Lakini wakati huo fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kilichoamua karibu kila kitu, kisanduku cha matumizi. Ukiandika "binafsi", yaani gari la familia, ada inakuwa nafuu. Ukiandika kwamba linabeba abiria wa kulipa, ada inapanda mpaka mtu wa kawaida anaaga na kuondoka.

Watu walikuja na swali moja, na naamini ndilo mnalouliza hadi leo: nitapataje bima ninayoiweza? Sikuwa na uchawi. Kwanza nilimuuliza mtu kama gari lake linastahili bima kubwa, ile inayolitengeneza hata gari lake mwenyewe likiharibika, au bima ndogo inatosha, ile inayolipa mtu mwingine aliyeumizwa na gari lako, hata kama alikuwa ndani yake. Gari lililochoka halihitaji bima kubwa. Nilimkataza kutaja thamani ya kujisifu, maana bima kubwa hupimwa kwa thamani. Nilimweleza pia punguzo la kutodai, kwamba ukimaliza mwaka bila kuleta madai, mwaka unaofuata unapunguziwa. Na nilimsihi aseme ukweli kwenye kile kisanduku.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, chumba cha madai, chini ya Mkuu wa Madai. Alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, mrefu, mpole kwa sauti na mgumu kwa kalamu. Aliusoma mkataba wa bima polepole, kidole kikifuata mstari, nasi makarani tunangoja. "Subilaga," aliniambia siku moja, "ajali haisomi fomu. Mimi nasoma." Nilimwogopa, tena nilimpenda, maana sikuwahi kumwona akimwonea mtu. Aliponiandikia kurudi Tukuyu kuwa afisa, alinipa mkono na kusema ananitazamia niwe mkuu wa tawi lile siku moja. Niliiota siku hiyo njia nzima ya kurudi, ukungu umefunika migomba kushoto na kulia, na mimi ndani ya basi nimeshajikalisha kwenye kiti cha Meneja.

Ndipo akaja Mzee Ambakisye wa Suma. Alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, na kwa kiinua mgongo chake alinunua gari dogo la familia, kuukuu, la buluu iliyopauka. Mkewe alikuwa na kisukari, kila mwezi kliniki, na kutoka kwao kufika barabara ya lami ilikuwa safari ya kumtesa mgonjwa.

"Ndaga, mwanangu," alinisalimu, kofia mkononi. "Nimeshauliza kwingine kuwili. Wote wananitajia ada za matajiri. Nitafutie ninayoiweza, mama yako apate kwenda hospitali."

Nikatoka nikakaa kwenye gari, kama nilivyofundishwa. Yeye akakaa mbele, mimi nyuma. Mvua ikaanza. Gari lilinuka ndizi mbivu na sabuni ya mche, harufu ya nyumba ya mama yangu, na mawazo yakanichukua. Niliona kwetu, niliona jiko, nilimwona marehemu mama anageuza magimbi kwenye majivu. Kwa mbali nilijisikia nikimwita baba kwa lugha ya kwetu na kumuuliza, "Tata, mnabeba watu wa kulipa?"

"Hapana kabisa," alisema Mzee. "Hili si teksi. Ni la kwetu."

Chini ya kapeti kulikuwa na udongo mwekundu wa viatu vingi, mwingi kuliko wa watu wa nyumba moja. Niliuona. Nikaandika "binafsi", bima ndogo, akalipa, nikambandikia stika kwenye kioo. Akanishukuru mara tatu, ndaga fijo, ndaga fijo, mpaka nikaona haya.

Miezi michache baadaye gari lile liliteleza kwenye tope kule Kinyala likitoka mazishini, likaingia kwenye migomba na kujibamiza kwenye ukuta wa nyumba. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa anaendesha, na ndani walikuwa wanne waliotoka kuzika. Mmoja wao, jirani yake Mama Sekela, alivunjika paja. Ilibidi apasuliwe na kuwekewa vyuma, na kulala hospitali kwa muda mrefu.

Kutoka Mbeya alikuja Mkaguzi wa Madai, kijana nadhifu mwenye viatu visivyofaa kwa tope la Rungwe. Akawauliza abiria mmoja mmoja kama walitoa chochote kwa dereva. Sasa hawa ni watu wa kanisani. Kila mmoja akajibu ukweli wake: ndiyo, nilitoa kidogo ya mafuta. Hata Mama Sekela, kitandani, mguu umening'inizwa, alisema ndiyo. Mkaguzi akaandika kwamba gari lilikuwa likibeba abiria wa kulipa kinyume cha mkataba, na barua ya kukataa madai ikaanza kuandaliwa. Kama ingetoka, gharama zote za Mama Sekela zingemwangukia Mzee Ambakisye. Hakuwa na cha kuuza isipokuwa gari na kishamba cha chai kilichomlisha.

Aliposikia, alikuja ofisini na kukaa kwenye benchi. Hakunilaumu, na hilo liliniumiza kuliko matusi. "Mwanangu," alisema, "mimi sikumtoza mtu. Mtu akitoka kuzika anakushika mkono, anakuachia. Ungemrudishiaje?"

Nilijua, jamani. Nilizaliwa huku huku. Nilikuwa nimepanda magari ya jamaa kwenda misibani tangu nikiwa mdogo, nimemwona mama akikunja alichonacho na kumwachia mwenye gari mkononi bila kumtazama usoni na bila kutaja ni kiasi gani. Asiyetoa hujisikia amekwenda kuzika mikono mitupu. Gari la familia huku ni la ukoo mzima na la majirani siku ya msiba. Hakuna ambaye angeiita ile nauli, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna ambaye angenitajia kwenye fomu. Ilikuwa kazi yangu kuuliza juu ya misiba, na ule udongo niliuona kwa macho yangu. Nilikuwa naota magimbi ya mama.

Niliandika barua kwa Mkuu wa Madai. Nilisema kosa ni langu, si la mwenye bima: niliona dalili, sikuuliza. Nikaeleza desturi. Akanipigia simu ya ofisini.

"Subilaga, ukiacha barua hii kwenye faili, cheo nilichokuwa nakifikiria kwako hakipo tena."

"Najua, mzee."

"Nakuja mwenyewe kupaona hapo palipotokea ajali," akasema.

Alikuja na gari la ofisi, analiendesha mwenyewe, mimi pembeni yake, faili mapajani. Ukungu ulikuwa mzito siku hiyo, tulikwenda taratibu, taa zinamulika weupe mtupu kama maziwa. Mbele yetu wakatokea wanawake wawili wazee, kanga kichwani, wanatembea kwenye mvua. Akasimama. Alikuwa mtu mwenye adabu. "Wapeni nafasi mama zangu wapande," alisema, kana kwamba nyuma kulikuwa na mtu mwingine zaidi ya miavuli yetu. Walikuwa wanatoka kwenye msiba. Wakapanda, wakakaa, kanga zao zinatiririka maji.

Walipofika kwao waliteremka. Mmoja akazunguka mpaka dirisha la dereva. Akaushika mkono wa Mkuu wa Madai kwa mikono yake miwili, akauachia kitu, akaukunja ule mkono vidole kwa vidole. "Ya mafuta, tata," akasema.

"Hapana, mama, hili ni gari la serikali… la ofisi," alisema, maneno yamemchanganyika. "Chukua tu hela yako."

Yule mama akamtazama. Hakukasirika, aliumia, kama mtu aliyekataliwa salamu. "Tumetoka kuzika," alisema. Mkuu akanigeukia. Mimi niliangalia kioo cha mbele, kwani ningefanya nini? Akaufunga mkono wake. Akasema asante.

Tulikaa pale bila kuwasha gari. Mvua inapiga paa. Akaufungua mkono, akaitazama noti ile iliyolowa, akaufunga tena.

"Sasa mimi nimekuwa teksi?" aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Mkaguzi angeandikaje?"

Akawasha gari. Tulipofika mahali pa ajali akapatazama kidogo tu.

Madai yalilipwa. Mama Sekela alitembea tena, anachechemea. Mimi nilipewa barua ya onyo, na kiti cha Meneja akakikalia mwingine, kijana hodari, sina kinyongo naye. Nasema hivyo, lakini niliumia, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipita kwenye mlango ule naangalia pembeni. Tangu hapo kila fomu ya gari la familia niliyoijaza niliiongezea mstari mmoja kwa mkono wangu, chini kabisa, penye nafasi: "Gari hili litabeba watu kwenda misibani na kurudi, nao watatoa ya mafuta." Makao makuu waliulizia mara moja. Mkuu wa Madai akawajibu kwamba mstari huo ubaki.

Sasa nimestaafu. Stika zimehamia kwenye simu, na wakala anaweza kuliandikia gari bima akiwa mji mwingine bila kulisikia linanuka nini. Ni rahisi, na sitawadanganya kwamba zamani kulikuwa bora. Lakini ukikata bima ya gari la nyumbani, kaa ndani yake kwanza. Waza ni nani atapanda. Wakala akikuuliza matumizi, mwambie mpaka ya msibani.

Juzi tulimzika Mzee Ambakisye kule Suma. Mvua ilinyesha, bila shaka. Wakati wa kurudi binti yake, Tumpe, akaniita nipande gari lao, si lile la buluu, hili la sasa, jeupe. Nilikaa nyuma na Mama Sekela, ambaye mguu wake hunyooka kwa shida hadi leo. Tulikwenda polepole kwenye ukungu, na nadhani nilisinzia, maana nilimsikia Mzee akisema ni la kwetu, ni la kwetu.

Tulipofika kwangu Tumpe akafungua kisanduku cha mbele, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. "Baba aliitoa kwenye gari la kwanza akaiweka humu," alisema. "Alisema isitoke garini." Ilikuwa nakala ya fomu ya mwaka uliofuata ajali, na chini kabisa mstari ule wa misibani, kwa mwandiko wangu.

Niliteremka. Nilizunguka mpaka dirishani kwake, nikaushika mkono wake, nikauachia nilichokuwa nacho, nikaukunja vidole kwa vidole.

"Mama, hata wewe?" alisema Tumpe, analia.

"Ya mafuta," nikamwambia.