Mikwaruzo ya Gari la Mkwe

Msinicheke kabla sijamaliza. Juzi niliazima gari jeupe la baba mkwe wa Mkomaindo, nikaenda nalo shambani Mnyambe. Matawi ya mikorosho yakauchora mlango. Mikwaruzo yenyewe myembamba kama nywele, lakini mkwe hulifuta gari lile kila asubuhi kabla hajanywa chai.

Niliporudi kwangu Chiungutwa nikakumbuka watu husema dawa ya meno huondoa mikwaruzo. Nikaanua tambara kwenye uzio, nikasugua. Mlango ukawa wa njano. Dawa nyeupe, gari jeupe, njano imetoka wapi? Nikaongeza dawa. Ukawa wa kahawia. Nikabadilisha dawa, nikabadilisha mkono, vidole vikaanza kuniwasha. Tambara sikulibadilisha, ndicho kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho.

Mara mkwe akashuka kwenye bodaboda, kaja kuchukua gari lake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mlango umefanya nini?"

"Vumbi la njiani tu, baba. Naufuta."

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. "Baba Zuhura, hujaliona tambara langu la kubangulia korosho? Limejaa mafuta ya maganda, mtoto asije akalishika."

Mkwe, aliyebangua korosho tangu utotoni, wala hakulitazama tambara. Alinishika kiganja, akakigeuza juani. Ngozi ilishaanza kubabuka.

"Vumbi la njia gani hilo, baba Zuhura," akaniuliza kwa upole, "linalounguza vidole?"