Baiskeli Niliyoipima kwa Gunia

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka tisa, ndipo taabu ilipoanza. Baba alikufa katikati ya msimu wa kuchuma kahawa, nami nikaacha shule darasa la pili. Nikaanza kubeba kahawa za watu pale kijijini kwetu Matiri kupeleka kwenye chama cha ushirika, kwanza kichwani, baadaye kwa baiskeli. Hakuna mjomba aliyenipa hata jembe. Nasema hivyo ili mjue kwamba anayeandika si mjinga wa kila kitu. Mjinga wa baiskeli za gia, hapo nakubali.

Mwaka juzi goti la kulia liliharibika. Kupanda mlima naweza, kuteremka siwezi, linakataa katikati ya njia. Na shamba langu la kahawa, lile nililolipanda mche kwa mche, liko bondeni. Mganga wa zahanati alisema nisiteremke tena kwa miguu, ila baiskeli haina neno. Mdogo wangu wa tumbo moja alisikia. Akaja, akala ugali wangu, akanawa, kisha akasema, "Kaka, shamba la bondeni nipe mimi. Wewe umeshachoka."

Nilikasirika. Nikamwambia mbele ya mke wangu kwamba kahawa ikiiva, siku ya kwanza ya kuchuma, nisipoonekana bondeni, shamba achukue. Neno likishatoka mbele ya watu halirudi mdomoni. Usiku sikulala vizuri, maana barabara ya kuteremkia kule ni mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua, na baiskeli yangu ya mizigo haina breki za kuaminika.

Fundi baiskeli wa kwetu aliniambia nikanunue ya mtumba Mbinga mjini, ya mlimani, yenye gia, na shokapu, zile springi za kumeza mitikisiko, mbele tu. Akakazia: mbele tu. Alieleza na sababu, sikuielewa, nikaitikia kwa kichwa. Mtu wa umri wangu haulizi jambo moja mara tatu.

Mbinga nikakuta kijana amezipanga kama ishirini kando ya soko. Akaniamkia shikamoo vizuri, nikaitikia, kisha akaanza kunichanganya. Hii tairi kubwa, ile tairi ndogo. Hii breki za diski, ile breki za mpira. Hii fremu ya chuma, ile ya aluminiamu. Kila nikishika moja ananiambia inategemea. Inategemea nini? Mimi nilitaka kuambiwa ipi nzuri.

"Hii ina gia ishirini na moja, mzee wangu."

"Za nini zote? Mlima wetu ni mmoja."

Akacheka, akaniinamisha nitazame. Akasema ukipanda mlima, mbele unaweka meno madogo na nyuma unaweka makubwa, ndiyo inakuwa nyepesi. Nikamwuliza iweje kidogo kiwe chepesi mbele halafu nyuma kiwe kizito, na cheni ni hiyo hiyo moja. Akaeleza tena kwa mikono. Mpaka leo sijaelewa, nami si mtu wa kudanganya.

Hela niliyokuwa nayo ilitosha kununua moja kati ya mbili tu. Ya kwanza nyepesi, shokapu mbele, haina karia ya kufungia mzigo nyuma, haina hata stendi. Niliikandamiza mbele ikabonyea, nikajua imelegea. Ya pili nzito, inang'aa, ina karia na stendi, na shokapu mbele na nyuma. Hapo nikafanya kama tunavyofanya kwetu. Sisi watu wa milimani baiskeli tumeikuta ya kusukuma. Unaipakia gunia, unaisukuma kupanda, unaizuia kuteremka, na ikibeba vizuri ndiyo nzuri. Nikaomba gunia la maharage kwa mama mmoja pale sokoni, nikalifunga kwenye ile nzito, nikaisukuma kuzunguka soko zima.

"Mzee, unanunua baiskeli au mkokoteni?" yule kijana akaniuliza. Watu wakacheka. Nikaendelea kusukuma. Ile nyepesi sikuweza hata kuifunga gunia, nikaidharau. Nikalipa ile nzito, ikapakiwa juu ya gari, nikarudi Matiri kifua mbele.

Asubuhi nikaipanda. Kila nikikanyaga pedeli, inabonyea chini kama kitanda cha kamba, nguvu yote inaishia hapo, mbele haiendi. Siku ya nne shokapu ya nyuma ikapiga kelele ikakaa chini moja kwa moja. Mdogo wangu alinikuta njiani naisukuma. Hakusema neno baya. Aliuliza tu kahawa naona itaanza kuiva lini. Hilo liliniuma kuliko goti.

Mke wangu ni Mnyasa wa Ngumbo, kando ya ziwa, na ulimi wake si wa kukopesha. Akaniuliza kama nilikaa juu yake kabla ya kulipa. Nikasema niliijaribu kwa gunia. Akacheka mpaka akaketi. Akasema kwao ziwani mwanamume hatoi hela ya mtumbwi kabla hajaingia akaupiga kasia majini, "wewe baba ukanunulia gunia baiskeli. Goti linalouma ni la gunia?"

Nikairudisha Mbinga, na kumwambia yule kijana nilivyokosea kulinishinda kuliko kubeba kahawa kichwani. Akakubali kubadilishana, nikiongeza kidogo. Ile nyepesi bado ilikuwepo. Safari hii nikakaa juu. Akanipandishia siti mpaka mguu ukakaribia kunyooka pedeli ikiwa chini, nikaona itaniangusha, lakini goti halikulalamika. Akaniteremsha kwenye kijia chenye mawe nyuma ya soko. Mbele ikabonyea, mikono haikutikisika, nyuma ikatulia. Kumbe kubonyea kule si kulegea. Sasa kwa nini mbele ni faida na nyuma ni hasara, fundi amenieleza mara ya pili, nimeitikia kwa kichwa tena.

Siku ya kwanza ya kuchuma niliteremka asubuhi, vidole kwenye breki, nasimama kila kona kupumua. Mdogo wangu alikuwa ameshafika na vikapu vyake.

"Umeshuka na nini, kaka?"

"Na baiskeli."

"Ile inayobonyea?"

"Inabonyea mbele tu."

Alinitazama nisielewe kama amekasirika au amepumua. Nikamwambia aanzie mstari wa juu, na malipo yake yatakuwa kama ya wachumaji wengine. Akaanza. Jioni nilipanda kurudi kwa gia moja ambayo sijui ni ya ngapi, niliipata kwa kubahatisha, sikuigusa tena mpaka nyumbani.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati. Nina mashamba mawili ya kahawa, la juu na la bondeni. Nina shamba la ngoro, yale mashimo yetu ya kuzuia udongo usioshwe na mvua, nalima mahindi na maharage. Nina mashine ya kumenyea kahawa, nguruwe sita na mbuzi wanne. Nina redio. Nina baiskeli mbili, ya mizigo na ya gia.