Koti Mbili na Mkia Usiokauka

Fundi rangi wa kambi ya helikopta za wanamaji alikuwa hajui kukaa. Ukimpa kiti alikigeuza kwanza kutazama kama miguu imebabuka, kisha akaketi ukingoni, kisha akainuka kwenda kukagua fremu ya dirisha ambalo hakuna aliyemwambia lina kasoro. Mkewe alikuwa akisema kwamba alichumbiwa na mwanamume, akaolewa na feni. Kambini walimwita Koti Mbili, kwa sababu kazi yoyote aliyopewa, iwe mlango wa choo au ubavu wa helikopta, maneno yake yalikuwa yale yale: koti ya kwanza, yaani mpako wa kwanza, ni ya kumfurahisha bosi, koti ya pili ndiyo rangi.

Kabla ya vita kazi yake ilikuwa nyepesi. Helikopta zote zilikuwa chini ya mtu mmoja, mzee mwenye tumbo kubwa na maneno machache, na zote zilipakwa kijivu. Vita vya mlango wa bahari vilipoanza, mzee akastaafishwa kwa heshima zote na nafasi yake wakapewa wawili. Hapo likazuka swali ambalo wakati wa amani halikuwahi kumnyima mtu usingizi: helikopta inayotua juu ya manowari ni ya nani?

Kamanda wa Meli alisema kilichotua kwenye sitaha yake ni chake, kama jogoo aliyeingia uani kwake kwa miguu yake mwenyewe. Kamanda wa Anga alisema kila kinachoruka ni chake, na sitaha ni uwanja wa ndege tu wenye tabia mbaya ya kuyumba. Baada ya chai nyingi wakakubaliana kwamba ikiwa chini ni ya mmoja, ikiwa juu ni ya mwingine. Luteni mmoja mwenye kiherehere akauliza: na ikiwa magurudumu yameachia sitaha lakini haijafika usawa wa mlingoti? Kikao kikaahirishwa. Luteni akahamishiwa stoo ya mablanketi. Ile methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama kila mmoja mle ndani aliijua, na kila mmoja aliamini imetungiwa mwenzake.

Basi helikopta zikaanza kupangwa na kupanguliwa kama vyombo vya nyumba yenye mama mkwe. Mpango wa kwanza ulizigawa kwa aina, kubwa huku na ndogo kule. Wa pili ukazigawa kwa meli, kila manowari na zake. Wa tatu ukazigawa kwa kazi: za kusaka nyambizi, za kubeba mizigo, za kuokoa watu. Na kila mpango ulikuja na utepe wake wa rangi mkiani, kwa sababu wapiga mizinga wa manowari waliutumia utepe kujua mwenzao ni nani. Mpango wa pili ulipoanza, helikopta moja ilikuwa bado na utepe wa zamani. Ikarudi kutoka kazini, meli yake yenyewe ikaipiga. Rubani alitua salama, akiwa na tundu kwenye mkia na matusi ambayo hajawahi kuyatumia tangu azaliwe. Tangu siku hiyo ikawa amri, na ndiyo amri pekee makamanda wote wawili waliyoitia sahihi: hakuna helikopta kuondoka bila utepe wa mpango uliopo, uliokamilika na uliokauka.

Adui alitumia makombora na droni za bei mbaya kuzizuia helikopta zisiruke. Hakuwahi kufanikiwa kama brashi ya Koti Mbili.

Angeicheka hali hiyo kama wengine, ila binti yake alikuwa mwendesha winchi. Yeye ndiye hukaa kwenye mlango ulio wazi, helikopta ikining'inia juu ya mawimbi, akamshusha mwenzake kwa kamba ya chuma na kumvuta tena akiwa amekumbatia mtu aliyelowa. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Baba yake alimwita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao, na akimwona kwenye sare alimkagua kama anavyokagua fremu, akitafuta mahali palipobabuka. Helikopta ya binti iliitwa Bibi Harusi, kwa kuwa kila ukipita ilikuwa inapambwa.

Mara ya kwanza ilikuwa bahati tu. Mvua ilinyesha, hewa ikawa nzito, utepe wa Bibi Harusi ukakataa kukauka, na helikopta nyingine ikapelekwa mahali pake ng'ambo ya mlango wa bahari. Ile nyingine ilirudi na majeruhi, naye wa winchi miongoni mwao. Koti Mbili alikwenda nyumbani, akala sahani mbili, akalala kama gogo. Asubuhi alijichukia kwa zile sahani mbili. Lakini funzo lilikuwa limekwisha kuingia.

Mpango uliofuata ulipokuja alichota mafuta ya kupikia nyumbani, akayaweka kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, akayamimina ndani ya rangi ya mkia wa Bibi Harusi. Ukichanganya rangi ya mafuta na mafuta ya kukaangia, inakubali kupakwa, inang'aa hata kupita kiasi, lakini kukauka, sahau. Helikopta ya kijeshi, yenye mitambo ya kusikia nyambizi ikikohoa chini ya bahari, ikakaa bandani siku baada ya siku kwa sababu ya kitu cha kukaangia mayai.

Akanogewa. Siku makamanda walipomwita kikaoni alete kadi ya rangi, aonyeshe, aondoke, alionyesha, akafika mlangoni, kisha akageuka kwa unyenyekevu wa mtu anayeuliza choo kiko wapi. "Samahani, afande. Ile ya kuokoa watu ikibeba na mzigo, niipake rangi ipi?" Aliwaachia swali kama mtu aliyesahau mwavuli, akaenda zake. Walilibishania wiki nzima. Bibi Harusi ikabaki na mkia uliopigwa msasa tu, ikingoja uamuzi, na binti akabaki chini, akinyoosha kamba ambayo ilikuwa imenyooka tangu juzi.

Nyumbani hakukuwa na raha pia. Koti Mbili alikuwa akiinuka mezani kati ya tonge na tonge kwenda kusikiliza redio, kisha anaizima, kisha anaifungua kuhakikisha kama imezimika. Mkewe alimwuliza mara moja tu mbona mafuta yanaisha kama kuna shughuli humu ndani. Alijibu kwamba siku hizi wafanyabiashara wanapunja. Mkewe akasema anajua watu wanaopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini hajawahi kuona mtu akiipakaza helikopta. Kisha akaendelea kukatakata vitunguu, na mume akajishawishi kwamba ulikuwa mzaha. Chupa ya jikoni haikuwahi kukauka tena, na yeye hakujiuliza kwa nini.

Mchana mmoja king'ora kilipigwa. Meli ya kubeba mahitaji ilikuwa imepigwa nje ya mlango wa bahari na mabaharia walikuwa ndani ya maji. Helikopta nyingine zote za kuokoa zilikuwa mbali. Iliyobaki ni Bibi Harusi, na utepe wake wa rangi ya chungwa, uliopakwa kwa Mpango wa Tatu, ulikuwa unateleza kama samaki.

Simu zikaanza kulia. Kamanda wa Meli alisema mabaharia ni wake. Kamanda wa Anga alisema helikopta ni yake. Ikagundulika kwamba watu wakiwa melini wana mkubwa, na wakiwa angani wana mkubwa, lakini wakiwa majini hakuna mpango hata mmoja uliowataja. Jambo moja tu halikuwa na ubishi: mkia ukiwa mbichi, hakuna kuruka. Rubani alikuja mpaka bandani, akauliza utakauka saa ngapi, na Koti Mbili akasema hewa ni nzito, afande, huku akifuta brashi iliyokuwa safi.

Binti akaja nyuma ya rubani, amekwisha kufunga mkanda wake wa kazi. Hakumsalimia baba yake. Aligusa utepe kwa kidole, akakinusa, akangoja rubani aondoke kwenda kwenye simu.

"Baba, huu mkia unanuka jikoni kwetu."

Baba akaanza habari za unyevu. Binti akamwacha afike nusu.

"Nimekulia chumba kimoja na makopo yako. Rangi iliyochelewa naijua, na iliyocheleweshwa naijua. Mara ile walikwenda zamu yangu. Yule wa winchi bado yuko hospitali, mkono haukunjuki, na kila nikienda kumtazama ananipa mimi pole kwa ajili ya mvua."

"Wewe ndiye mtoto niliyenaye, mama."

"Na wale walioko majini ni watoto wa nani? Au na wao wangoje kikao?"

Mikono ya Koti Mbili, ambayo maisha yake yote haikujua kutulia, ilitulia. Alitazama mkia. Akiuacha ulivyo, binti yake angelala nyumbani, na baharini watu wangezama mmoja mmoja kwa sababu ya kichupa cha dawa ya kikohozi. Akiutengeneza, binti angeondoka. Na akiutengeneza vibaya, upepo wa chumvi ungeubandua njiani, na wapiga mizinga wa upande wao wenyewe wangemwona mgeni.

"Nipishe," alisema.

Aliukwangua utepe wote mpaka chuma, akausugua kwa tambara la petroli mpaka harufu ya jikoni ikatoka, akafungua kabati na kuchukua lile kopo la rangi ya kukauka haraka alilokuwa akiapa kila siku kwamba limekwisha. Alipaka kwa mkono mmoja na kuendesha mashine ya hewa moto kwa mwingine, akiikemea rangi kama mtoto anayekataa kuvaa viatu. Koti ya kwanza ikakamata. Alipochovya brashi kwa ajili ya koti ya pili, rubani alikuwa amekwisha kupanda, helikopta ikaanza kusukumwa nje ya banda.

Binti akagusa tena. Kidole kilitoka kikavu. "Moja itatosha?"

Mtu huyu alikuwa amegombana na wakandarasi, na masajini, hata na mjomba wake, juu ya koti moja. "Itatosha," alisema. Hakujua kama anasema kweli au anadanganya, na mapanga ya helikopta yalipoanza kuzunguka hakukuwa na nafasi ya kuongeza neno.

Zilizofuata zilikuwa saa ambazo banda lile bado linazikumbuka, kwa sababu Koti Mbili alipaka kila kitu. Alipaka ndoo za mchanga. Alipaka toroli, na mpini wa toroli. Alipaka benchi ambalo sajini alikuwa analikaribia akisoma simu yake, na sajini akakaa, akabaki hapo, amegandia rangi ya chungwa, akiogopa kuinuka. Mkewe alifika getini na chakula ndani ya bakuli lenye mfuniko, akaruhusiwa, akamkuta anatafuta cha kupaka. Koti Mbili akamwambia yote, kuanzia ile mvua, maneno yakitoka hovyo hovyo kama vitu vinavyodondoka kabatini.

"Ile chupa unadhani ilikuwa inajijaza yenyewe?" mkewe alisema.

Koti Mbili akageuka, brashi mkononi.

"Mimi nilikuwa nanunua mafuta, wewe unayapeleka. Sasa kaa chini. Wote wawili tuna dhambi, angalau mmoja wetu akae."

Hakukaa. Walisimama wote wawili mlangoni mwa banda, bakuli halijafunguliwa, shingo zimeelekezwa baharini. Kila ndege wa baharini aliyepita juu Koti Mbili alimtazama mkia.

Mlio ulisikika kabla ya kuonekana kitu. Kisha Bibi Harusi ikatokeza, ikija chini chini, na fundi hakutazama mlango wala magurudumu, alitazama utepe. Upande mmoja ulikuwa umebanduka karibu nusu, ukipepea vipande vipande. Upande wa pili ulikuwa umeshika. Baadaye rubani alisimulia kwamba manowari moja iliwageuzia mizinga, nao wakageuka kuonyesha ubavu, ule wenye rangi, na mizinga ikashushwa polepole kama watu wanaoomba radhi bila kutaka kusema.

Mabaharia waliteremshwa wakitetemeka. Katika kamandi zote mbili na mipango yake yote mitatu, aliyekuwa tayari ni mtu mmoja: yule luteni wa kiherehere, aliyekuja mbio na mablanketi mpaka kidevuni. Binti alishuka wa mwisho. Mikono yake ilikuwa imechubuka, macho mekundu kwa chumvi. Mama alimshika uso. Baba alisimama pembeni, brashi mkononi, hajui aiweke wapi.

"Wawili hatukuwawahi," binti alisema, akimtazama baba yake. Koti Mbili hakuuliza ni wawili wa saa ngapi, waliozama mkia ukiwa bado mbichi au baadaye. Swali hilo alilibeba kwenda nalo nyumbani, na bado analo. Ndilo linalomwinua mezani kati ya tonge na tonge.

Makamanda wote wawili walitangaza ushindi. Mmoja alisema ni uokoaji wa majini, mwingine akasema ni wa angani, na kwa kuwa mzozo huo haungeweza kuachwa hivi hivi, ukatolewa Mpango wa Nne. Chungwa ikafutwa. Sasa ni utepe wa bluu wenye mstari mweupe katikati, na kila helikopta iwe chini ya wote wawili kwa kupokezana.

Asubuhi ya kuanza mpango huo, Koti Mbili aliikwangua Bibi Harusi peke yake, akafungua kopo jipya, akakoroga. Binti yake alikuwa anapita kwenda kukagua winchi. Kabla hajachovya brashi, fundi alinyanyua kopo kwa mikono miwili, akamsogezea puani. Binti aliinama, akanusa kwa makini, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kwenye kamba yake.

Baba akapaka koti ya kwanza. Ilikauka haraka, haraka kuliko alivyotaka. Akapaka ya pili.