Mafuta Tu, Mama Mageni

Ngassa mwana wa Bujiku hakuwa mganga, na ukimwita mganga alinuna. Alikuwa mchoma ng'ombe. Ng'ombe akishikwa na ndigana, tezi za chini ya masikio zikavimba, mwenyewe alimswaga mpaka kwa Ngassa. Naye alizichoma zile tezi kwa chuma kilichoiva motoni, mara mbili kila upande, akapaka mavi mabichi ya ng'ombe juu ya kidonda, basi. Wengine walikufa, wengine walipona, na waliopona ndio waliotajwa. Ng'ombe wake mwenyewe walikuwa kumi na wanne, aliowanunua kwa jasho la miaka mitatu kwenye mashimo ya dhahabu kule Geita. Alirudi na kikohozi na maneno machache. Mkewe, Limi, ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba nzima.

Mimi Athanas nilikuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wa zahanati ya pale kijijini, mwendo wa nusu siku kutoka Shinyanga mjini. Mwaka ulikuwa 1952. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, koti jeupe, na kiburi cha kutosha watu watatu.

Limi alikuja asubuhi ya siku ya foleni ndefu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akageuka na kushusha kitenge begani. Nyuma ya bega la kushoto palikuwa na uvimbe, ukubwa wa yai la kuku.

"Huu una muda gani?"

"Tangu Mageni anaota meno. Sasa Mageni anachunga mbuzi. Lakini jirani yangu anasema unakua."

Nikaubonyeza. Ulikuwa laini kama unga uliokandwa, ukateleza chini ya vidole vyangu kama usiotaka kushikwa. Ngozi ya juu ilikuwa nzima, haina joto wala wekundu.

"Unauma?"

"Hauumi, mwanangu. Ndiyo maana naogopa. Kitu kikiuma unajua kinataka nini."

Nilijua ni nini. Tulifundishwa: ni mafuta ya mwili yaliyojikusanya mahali pamoja chini ya ngozi. Hayali nyama, hayaendi kokote, yanakua polepole mno. Mtu anaweza kuzeeka nayo na kuzikwa nayo. Uvimbe ukiwa mgumu, ukiganda usisogee, ukianza kuuma au kukua upesi, hapo ndipo umpeleke mgonjwa hospitali kubwa. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Nilichomwambia ni hiki:

"Ni mafuta tu, Mama Mageni. Nenda nyumbani ukalime."

"Na dawa?"

"Hakuna dawa."

"Hata ya kupaka?"

"Nikupake nini, wanja?"

Benchi zima likacheka. Limi naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, akapandisha kitenge chake akaondoka. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na mimi methali hiyo nilikuwa nawafundisha watoto wa shule ya misheni Jumapili. Mjinga mkubwa.

Yaliyotokea nyumbani nilikuja kuyasikia kwa Ngassa mwenyewe. Limi alimwambia dresa ameshika, ametazama, amefanya mzaha, hakutoa kitu. Ngassa alimfahamu bwana mifugo wa serikali na desturi yake. Bwana mifugo akimchoma ng'ombe sindano, ana matumaini. Akimshika, akamtazama, akafunga mkoba wake bila kutoa kitu, huyo ng'ombe amekwisha. Mwenyewe ajitafutie kisu. Kila mfugaji pale kwetu aliijua ishara hiyo, na hakuna aliyewahi kumwona bwana mifugo akikosea. Kwa Ngassa, basi, mimi nilikuwa nimesema kwa adabu kwamba mkewe amekwisha.

Alikaa siku tatu hali chakula. Siku ya nne akawasha moto, akachagua chuma kidogo kuliko vyote, kile cha ndama. Limi alikubali. Aling'ata upande wa kitenge, na mumewe akamchoma begani mara mbili, akapaka mavi ya ng'ombe kama alivyopaka maisha yake yote. Alimpenda, nataka hilo lijulikane. Watu wamesema mengi juu ya mtu huyu na hawakusema hilo.

Siku ya tisa baada ya kuchomwa, Mageni alikuja zahanati akikimbia.

"Mama hafungui mdomo!"

Nilipanda baiskeli. Nilimkuta Limi chini kwenye ngozi, meno yamekazana, mgongo umejikunja kama upinde, akili zake zote timamu machoni. Pepopunda, iliyoingia kwa kile kidonda kilichopakwa mavi. Sindano yake ilikuwa hospitali ya mjini. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, Ngassa akawaongoza wanyama kwa mkono, na kila jiwe barabarani lilimkaza upya. Jua la saa saba lilitukuta njiani bado mbali. Hapo akafa. Ngassa aliendelea kuongoza ng'ombe kitambo kizima kabla sijapata ujasiri wa kumsimamisha.

Baada ya matanga hakuchoma tena. Watu walileta ng'ombe wao, wakapiga hodi, yeye akakaa ndani mpaka wakachoka.

Mwezi mmoja baadaye alikuja zahanati. Hakunifuata ndani, alikaa kwenye benchi na wagonjwa, akasubiri zamu yake. Ilipofika akasimama mbele ya meza yangu.

"Dresa. Ningeuacha ule uvimbe, ingekuwaje?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, wa huruma. Nikashindwa kuutoa.

"Angezeeka nao, Baba Mageni."

"Siku ile alipokuja hapa ulijua?"

"Nilijua."

Alitazama mikono yake.

"Kutoka hapa mpaka kwangu ni mwendo wa kuvuta sigara moja," alisema. "Ungekuja ukaniambia, ningekuamini. Mwenye chuma nilikuwa mimi. Yeye siku ile ulimwambia nini?"

Nililia mbele ya wagonjwa, nikiwa na koti langu jeupe, na Ngassa akasimama pale pale akingoja jibu.