Tutalala Palepale

Kijiji chetu kinapakana na Manispaa ya Bukoba. Kati yetu na watu wa mjini kuna mtaro mmoja tu, na kusema kweli mbuzi wetu hawajawahi kuutambua. Ziliposikika habari kwamba tutaunganishwa na mji, vijana walishangilia lami na taa za barabarani. Mimi, mwalimu niliyerudi kwa mama baada ya ndoa yangu ya Muleba kuvunjika, niliwaza maji ya bomba. Mama aliuliza jambo moja tu: watu wa mjini huzikwa wapi?

Jirani, mdomo wake haujui breki, akamwambia huzikwa makaburi ya manispaa, kwa mstari, kulia usiyemjua na kushoto usiyemjua. Mama akakosa usingizi. Baba amelala kibanjani kwetu, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na mama akipalilia humpa habari zote za nyumbani. Kwetu mtu akifa harudi kwingine ila kibanjani kwake. Nilimwambia asijitie presha bure, nami moyoni nikawa na wasiwasi uleule.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Afisa aliyetumwa na mkoa alikuwa mpole, ila hotuba yake ilinipandisha hasira. Alisema maoni yetu yatachukuliwa, vikao vitakaa, na mwisho serikali kuu ndiyo itakayoamua.

"Na tukikataa wote?" nikamuuliza.

"Maoni yenu yatazingatiwa, mwalimu," akajibu, akitabasamu.

Hapo nikajua tumeitwa kupewa taarifa, si kuulizwa. Nikakaa nimenuna.

Ndipo mama akasimama. Mama hatamki neno kuzikwa mbele ya wageni. Yeye husema kulala, na kijijini kila mtu anajua.

"Waitu mheshimiwa," akaanza kwa heshima ya Kihaya, "mkishatuunganisha na mji, mimi na mwanangu huyu tutalala wapi?"

Afisa akadhani bibi anaogopa kubomolewa nyumba. Akaweka mkono kifuani.

"Mama yangu, hakuna atakayewahamisha. Wewe na mwanao mtalala palepale nyumbani kwenu. Nasema mbele ya watu wote hawa."

Uwanja ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Sisi tulikuwa tumeelewa swali. Yeye peke yake hakujua amejibu nini. Alifurahi, maskini, akatupungia mkono. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Tangazo likatoka huko juu, kama tulivyotarajia. Sasa sisi ni mtaa. Mwenyekiti wa kijiji amekuwa mwenyekiti wa mtaa, na shati ni lilelile. Taa bado hatujaziona, lakini maji yamefika, na Ijumaa nikirudi kutoka Kamachumu ninakofundisha naoga bila kubeba ndoo. Siwezi kulalamika. Mama naye akienda Rubafu kwa dada zake huwaita watu wa shamba, na wao humfukuza kwa vicheko.

Juzi tulikuwa tunamenya ndizi nyuma ya nyumba. Nikaona nimwambie ukweli.

"Mama, yule afisa hakukuelewa. Yeye alizungumzia kitanda."

"Najua." Hakuacha kumenya. "Lakini alisema mbele za watu. Atakayekuja kutuzuia, mtaa mzima utamkumbusha."

"Sasa mimi uliniingiza kwa nini? Ungejiulizia wewe tu."

Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi mzito.

"Mimi nina mume hapa. Wangenilaza hapa hata kwa ugomvi. Wewe kule Muleba ulishatoka, hawatakupokea. Nilisimama kwa ajili yako, mwanangu."

Akanyoosha kisu upande wa pili wa kaburi la baba, kwenye nafasi isiyo na mgomba. Imekuwa wazi tangu mwaka niliorudi, na siku zote nilidhani udongo wa pale umechoka.